Kidole Gumba cha Mhazili

Semeni Abasi alikijua Kiingereza kwa vidole. Ungemsomea sentensi moja na kumwuliza maana yake angekuomba radhi, tena kwa adabu; lakini ungempa karatasi arobaini za Kiingereza cha wasomi, zilizoandikwa kwa mwandiko wa miguu ya kuku, angekurudishia zimepigwa chapa bila herufi moja kuanguka, na wakati anapiga alikuwa ameshakuuliza habari za nyumbani na kujibiwa. Maneno yalipita machoni yakatokea vidoleni, kichwani hayakukaa. Kwake hilo halikuwa upungufu. Aliamini kwamba mhazili anayesoma anachokipiga ndiye anayekosea.

Kazi hiyo aliisomea chuo cha uhazili, miaka ya sabini, wakati wasichana wa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, waliofika kidato cha nne walihesabika. Huko alifundishwa kukaa wima, kutotazama vidole, na kuweka kichwa cha habari katikati ya ukurasa. Hili la mwisho lina ufundi wake, na kwa kuwa habari yote hii imesimama juu yake, afadhali lielezwe mapema. Kwenye taipureta unasogeza mtambo hadi katikati ya karatasi, unarudi nyuma nafasi moja kwa kila herufi mbili za kichwa chako, halafu ndipo unapiga. Orodha ya yaliyomo nayo ina hesabu yake: unapiga jina la sura, unatembeza nukta mpaka karibu na ukingo wa kulia, unaweka namba ya ukurasa. Wengine walihesabu kwa midomo. Semeni alihesabu kwa kidole gumba cha kulia, kile kinachobonyeza kibao kirefu cha nafasi, na kidole hicho kilikuwa kama kina akili zake chenyewe. Mwalimu wao aliwahi kuweka rula juu ya kazi yake akakuta kichwa kimekaa katikati barabara, akawaonyesha darasa zima.

Alipiga chapa kwenye ofisi ya kiwanda kimoja cha umma miaka kumi na tisa, mpaka 1996, mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa moja baada ya jingine na kiwanda chao kikapata mwenyewe mpya asiyehitaji wahazili sita. Barua za kuachishwa kazi, mia mbili na kitu, alizipiga yeye. Kwa mpangilio wa majina, ya kwake ilikuwa karibu na mwisho. Aliipiga bila kosa, akaitia kwenye bahasha, akaenda kunywa chai.

Kwenye mnada wa vifaa vya ofisi aliinunua taipureta yake mwenyewe, akapanga kibanda mtaa wa Mji Mpya, akaandika ubaoni: UCHAPAJI WA AINA ZOTE. Ilikuwa miaka ya kila mtu ajitafutie. Wenzake wengine waliuza vitumbua, wengine walirudi milimani kulima, na wapo waliokaa barazani kusubiri kiwanda kiwaite tena. Nadhani wanasubiri hadi leo. Barabara ya Dar es Salaam ilileta mitumba ya nguo, ikaleta ya redio na majokofu, mwisho ikaleta mitumba ya kompyuta. Wanafunzi wa vyuo walipoanza kuikataa kazi ya taipureta, Semeni naye mwaka 2001 akanunua sanduku moja la rangi ya maziwa yaliyochacha, akalifunika kitambaa cha kudarizi, akaendelea kupiga chapa kama alivyofundishwa.

Kilichomtesa hakikuwa kazi, kilikuwa virusi. Vilikuja na wateja wenyewe, ndani ya flashi na disketi walizokuwa wamezipitisha kwenye mashine za mji mzima. Leo faili linagoma kufunguka, kesho mashine inajizima katikati ya sentensi. Hapo anaitwa Salehe, aliyekuwa fundi umeme kiwandani na aliyepokea barua siku moja naye. Ukoo wa Salehe na ukoo wa Semeni ni watani tangu huko milimani, kwa hiyo aliweza kumtukana mchana kweupe na asilaumiwe. Dawa yake ilikuwa moja tu, kupiga windo: kufuta kila kitu na kuweka upya windo, yaani programu za kuendeshea mashine, kutoka kwenye sidii za kuchoma zilizouzwa vichochoroni. Sidii zenyewe, kwa kuwa hakuna aliyejua zimepitia wapi, mara nyingine zilikuja na virusi vyao.

"Mtani," Salehe alikuwa akimwambia, "kompyuta yako inaugua kila mwezi kama mke mwenza."

"Inaugua kwa sababu daktari wake ni wewe," Semeni alimjibu, na kazi ikaendelea.

Mpaka mwezi wa saba mwaka 2005, virusi vilipokula sura ya tatu ya Zuhura Halidi.

Zuhura alikuwa afisa maendeleo ya jamii kutoka wilaya ya mbali, mwenye miaka thelathini na moja, aliyepewa ruhusa ya masomo ya miaka miwili. Tasnifu yake ilihusu vikundi vya wanawake wanaolima mboga katika Uluguru, na alikuwa amepanda milima ile kwa miguu na daftari lake mpaka viatu vikamwishia. Ruhusa yake ingekwisha tarehe thelathini Septemba. Asipoikabidhi kazi siku hiyo, mwajiri hangemwongezea hata wiki, na miaka miwili ingekuwa imekwenda na maji. Alipoambiwa sura ya tatu haipo, alikaa kwenye benchi la wateja akalia bila sauti. Kisha akatoa daftari, akasema tuanze tena.

Wengine hawakuwa na moyo huo. Maneno yalizunguka hosteli na mabweni kwamba kwa Mama Semeni kazi zinaliwa. Wateja wakapungua, na benchi likabaki la wapita njia wanaotafuta kivuli. Semeni hakuhitaji kuambiwa maana yake. Alishaachishwa kazi mara moja na watu asiowajua. Sasa alikuwa anaachishwa na wateja, mmoja mmoja, bila barua. Tasnifu ya Zuhura ikiharibika mara ya pili, kibanda kimekwisha.

Jirani yake wa Bigwa, Mwalimu Anastasia, Mngoni wa Songea aliyefundisha hisabati sekondari, ndiye aliyemletea sidii ndani ya bahasha ya karatasi. Alikuwa amejaza fomu kwenye kibanda cha intaneti na wakamtumia kwa posta, kutoka Ulaya, bila kumdai hata stempu. Ilikuwa Linux, ya aina iitwayo Ubuntu. Inaendesha kompyuta nzima, alieleza Mwalimu, na virusi vya kwenye flashi za wanafunzi havina cha kuifanya.

"Bure?" Semeni aliuliza.

"Bure."

"Mwalimu, dada yangu, rahisi ghali. Nani anakupa kitu cha thamani hivyo bure?"

"Watu wameiandika kwa kushirikiana, kama mnavyolima kwa zamu huko kwenu. Kila mmoja kapalilia kipande chake, na ghala halifungwi. Hata Kiswahili kimo. Ile programu ya kuandikia, Watanzania wenzetu wameitafsiri, ninayo kwenye sidii nyingine."

Semeni aliiacha sidii ile siku tatu mezani bila kuigusa. Siku ya nne mashine ikajizima tena, mara hii katikati ya barua ya maombi ya kazi ya mtu. Jumamosi asubuhi akampelekea ujumbe Mwalimu kwamba aje.

Ilichukua saa moja na ushee. Skrini iliwaka ikiwa na rangi ya kahawia, kama udongo wa Bigwa ukishanyeshewa, na Salehe aliyekuja kushuhudia akasema kweli hiyo ni kompyuta ya Waluguru maana imekuja na shamba lake. Mwalimu akafungua programu ya kuandikia. Juu kabisa, mahali ambapo Semeni kwa miaka minne alikuwa ameona vijineno vya Kiingereza asivyovisoma, paliandikwa Faili. Paliandikwa Hariri. Paliandikwa Ingiza.

Hebu fikiri. Miaka minne alikuwa ameziendesha amri zile kwa kukariri mahali zilipo: ya kwanza juu kushoto, shuka mara tano, bonyeza. Mtu akimsogezea kitu kimoja anapotea. Sasa alikuwa anasoma. Alishuka neno moja moja kwa kidole mpaka mwisho wa orodha, akafungua nyingine, akashuka tena. Alifurahi mpaka akaona haya, akajifanya anafuta vumbi kwenye skrini.

Si kwamba mambo yote yalinyooka. Printa iligoma siku mbili, na Mwalimu alirudi mara tatu baada ya vipindi kuibembeleza. Skana haikukubali kabisa, hadi leo. Ile programu ya kutengenezea kadi za harusi haikuwapo, na maharusi wawili wakahamia kwa jirani. Semeni aliyameza hayo. Flashi za wanafunzi ziliendelea kuja zimejaa wadudu, na wadudu wenyewe alianza kuwaona, mafaili yenye majina ya ajabu yaliyokaa tu pale bila la kufanya. Agosti ikapita hakuna kazi iliyopotea. Salehe alikuwa anapita kuuliza kama mgonjwa bado mzima, na akijibiwa mzima anasikitika kwa sauti.

Sura tano za Zuhura zikakamilika, kurasa tisini na sita. Semeni alizitoa kwenye printa, akazitazama, akaridhika. Kila kichwa katikati. Nukta za orodha ya yaliyomo zilitembea hadi ukingoni na namba zikasimama mstari mmoja.

Mwaka ule, lakini, chuo chake Zuhura kilikuwa kimeanza kudai kitu kipya. Karatasi peke yake hazikutosha. Mwanafunzi alitakiwa kuleta na faili kwenye flashi, lifunguliwe mbele ya mhazili wa idara na kulinganishwa na karatasi. Visipolingana, kazi inarudi. Jumanne tarehe ishirini na saba Septemba Zuhura aliondoka asubuhi na bahasha yake. Saa sita mchana alikuwa amesimama tena mlangoni kwa Semeni, na uso wake ulishasema kabla ya mdomo.

"Shikamoo mama. Wamenirudishia."

Kwenye kompyuta ya idara faili lilikuwa limefunguka likiwa limevurugika. Vichwa vilikuwa vimehama kutoka katikati, kimoja kushoto, kingine kulia. Sura ya pili ilianza chini kabisa ya ukurasa, mstari mmoja, na mwili wake ukurasa uliofuata. Namba za orodha ya yaliyomo zilitawanyika, na nyingine zilianguka mstari wa chini. Mhazili wa idara, Bi Mwaisha, hakuwa mkali. Alimwambia tu hawezi kugonga muhuri, na kwamba mwisho ni Ijumaa saa nane.

Salehe alikuwa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza hakutania.

"Mtani, nilikwambia. Hiyo ya sadaka haisikilizani na mashine za watu. Nipe saa moja niipige windo, uipange upya, mtoto wa watu aende zake."

Zuhura alimtazama Semeni kwa macho ya mtu anayeomba jibu liwe hilo. Na Semeni mwenyewe alilitamani. Lingekuwa jibu rahisi. Mteja alishaamini kwamba kosa ni la Linux, fundi kashasema, na kesho hosteli nzima ingesikia kwamba Mama Semeni aliponzwa na kitu cha bure lakini amekitupa. Jina lake lingepona. Kilichomzuia ni kwamba hakuwa ameliona kosa kwa macho yake, na mhazili hasahihishi kitu ambacho hajakiona.

"Tumsubiri Mwalimu atoke shule," alisema.

Mwalimu Anastasia alifika saa tisa, chaki bado kwenye vidole. Walimweleza. Hakuitetea Linux wala hakumbishia Salehe. Alivuta kiti, akafungua tasnifu, akaweka kidole kwenye kichwa cha sura ya kwanza.

"Hiki umekiwekaje katikati?"

"Nimehesabu," alisema Semeni.

"Umehesabu nini?"

"Nafasi. Kama siku zote."

Mwalimu akabonyeza alama moja juu ya skrini, na yaliyokuwa yamefichika yakajitokeza. Kila mahali kidole gumba kilipobonyeza nafasi pakawa na kinukta. Kila mahali Semeni aliposhuka mstari pakawa na kialama cheusi. Mbele ya kila kichwa kulikuwa na msururu wa vinukta ishirini, thelathini, arobaini. Ili kufika ukurasa mpya alikuwa ameshuka mistari kumi na saba mitupu. Orodha ya yaliyomo ilionekana kama mtama uliomwagika sakafuni.

"Kwenye taipureta herufi zote zina upana mmoja," Mwalimu alisema polepole, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake. "Humu i ni nyembamba na m ni nene, na kila kompyuta ina herufi zake, zinapishana unene kidogo tu. Ukihesabu nafasi, umehesabia mashine hii peke yake. Ukienda kwenye mashine nyingine, hesabu yote imekufa."

"Na kwenye windo?" aliuliza Salehe.

"Vilevile. Ila hapo zamani alikuwa anapiga hapa na kutoa karatasi hapa hapa. Faili halikuwahi kutoka nje, kwa hiyo hakuna aliyeona."

Semeni aliangalia vile vinukta, na kila kimoja alikijua. Kilikuwa kidole chake, kile kile kilichosifiwa mbele ya darasa. Miaka ishirini na tisa alikuwa anajivunia hesabu ambayo tangu aweke kompyuta mezani haikuwa na kazi tena, na hakuna aliyemwambia. Aliona aibu kali, ile inayochoma masikio. Alitaka wote waondoke. Badala yake aligeuza kiti akamkabili Zuhura.

"Mwanangu, si mashine. Ni mimi. Nimekupigia kazi ya kompyuta kwa mkono wa taipureta. Hata ningerudi kwenye windo ingetoka hivi hivi."

Salehe alisogea mwisho wa benchi, akampisha Zuhura.

"Sasa tunafanyaje, mama?"

"Nipe kesho na keshokutwa. Ukipenda kwenda kwa mwingine, faili lako hili hapa, chukua, sitakulaumu."

Zuhura aliichukua flashi, akaigeuzageuza mkononi. Ilikuwa haki yake kuondoka, na angeondoka hakuna ambaye angemsema. Sijui alichokiona. Labda alimwona mtu mzima aliyekataa kumsingizia mwingine, na katika wiki kama ile hilo lilimtosha. Aliirudisha flashi mezani.

"Nitakuja saa mbili asubuhi," alisema. "Nitakusomea, wewe upange."

Jumatano kibanda kilifungwa kwa wateja wengine. Semeni alikuja na kitambaa cheupe, akakifunga kidole gumba chake cha kulia mpaka kikawa kama kimevunjika, kwa sababu alikijua. Akikiachia kidogo tu kingeanza kuhesabu. Nafasi alipiga kwa kidole cha kushoto, polepole, kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Salehe alipopita alimpa pole ya msiba.

Mwalimu alikuwa amemwachia maelezo nusu ukurasa kabla ya kwenda shule, lakini Semeni aliyahitaji asubuhi ile tu. Baada ya hapo alisoma mwenyewe. Alifungua orodha iliyoitwa Mitindo, ambayo kwa Kiingereza asingeigusa maisha, akakuta mtindo wa kichwa cha sura, mtindo wa kichwa kidogo, mtindo wa mwili wa habari. Unaiambia kompyuta hiki ni kichwa cha sura. Kukiweka katikati, kukianzisha ukurasa mpya, hiyo ni kazi yake. Mwanzoni hakuamini. Alifuta vinukta, akaweka mtindo, akasubiri kichwa kihame. Hakikuhama. Zuhura akasoma kinachofuata.

Walikwenda hivyo sura kwa sura, na kwa kuwa Zuhura alikuwa anasoma kwa sauti na kueleza kwa Kiswahili pale alipochoka na Kiingereza, Semeni kwa mara ya kwanza alijua alichokuwa akikipiga. Kumbe sura ya tatu ilikuwa ya wanawake wa Mgeta, namna wanavyogawana zamu za kushusha kabichi sokoni. Kumbe kulikuwa na bibi mmoja ndani yake aliyesema maneno ambayo mama yake Semeni aliyasema kila mwaka wakati wa kuhamisha miche. Alicheka peke yake. Alikuwa ameyapiga maneno yale mara mbili, na virusi vimeyala mara moja, asijue.

Alhamisi saa nane mchana vinukta vilikuwa vimekwisha. Ikabaki orodha ya yaliyomo. Semeni alijiandaa kwa kazi ya nusu siku, halafu akasoma ndani ya Ingiza kwamba ipo amri ya kuijenga. Akabonyeza. Orodha nzima ikajipanga mbele yao, majina, nukta, namba, kwa muda wa kupiga chafya.

Hakupiga kelele. Alichukua karatasi na penseli, akakagua kila namba na ukurasa wake, arobaini na mbili, moja moja, kwa sababu hakuwa tayari kuiamini mashine kwa mambo ya kazi yake. Zote zilikuwa sawa. Alifurahi, na ndani ya furaha ile mlikuwa na uchungu kidogo, kwa nukta zote alizozitembeza maishani. Zuhura alimwona akifuta macho kwa kile kidole kilichofungwa, akajishughulisha na daftari lake.

Jioni Mwalimu alibadilisha herufi za kazi nzima kuwa za aina nyingine, nene, halafu nyembamba, halafu za ajabu zisizosomeka. Vichwa vilikaa katikati. Alizirudisha, akasema, "Ipeleke popote."

Ijumaa Semeni alikwenda naye. Angeweza kubaki, lakini asingeweza kufanya kazi yoyote huku anangoja. Ofisi ya idara ilikuwa na meza mbili na feni isiyozunguka. Bi Mwaisha alikuwa mwanamke wa rika lake, miwani kwenye mnyororo, mgongo wima namna ambayo Semeni aliitambua mara moja. Mgongo ule haufundishwi popote ila chuo cha uhazili. Walisalimiana. Flashi ikachomekwa kwenye mashine ya idara, ambayo ilikuwa na windo ya kawaida.

Bi Mwaisha aliweka nakala ya karatasi magotini akaanza kulinganisha. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Kwenye orodha ya yaliyomo alikaa muda mrefu, na Zuhura akashika ukingo wa meza. Kisha akaendelea, sura baada ya sura, hadi ukurasa wa tisini na sita. Akafungua droo. Akagonga muhuri: IMEPOKELEWA, 30 SEPTEMBA 2005. Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Zuhura alitoka nje, wakamsikia kwenye korido akimpigia mtu simu. Semeni alishukuru, akaanza kukusanya mkoba wake.

"Dada, subiri kidogo," alisema Bi Mwaisha. Aliinuka akaegesha mlango. "Hii orodha ya yaliyomo. Namba zote zimesimama mstari mmoja, na kazi imetoka mashine nyingine. Umehesabu vipi?"

"Sikuhesabu."

Bi Mwaisha alimtazama, kisha akageuza skrini na kufungua faili lake mwenyewe, ratiba ya mitihani. Semeni aliomba ruhusa, akatafuta ile alama, akaibonyeza. Vinukta vikajaa skrini nzima.

"Kila kinukta ni nafasi uliyoihesabu," Semeni alisema.

"Mwaka wa ishirini na nane huu kazini," Bi Mwaisha alisema kwa sauti ya chini. "Kila nikituma ratiba inafika imevurugika. Nimewaambia mashine ni mbovu. Wamenibadilishia mara mbili."

Semeni alivuta kiti, akakaa upande wake wa kulia. Alimweleza kwamba mitindo ile imo hata humo kwenye windo, atamwonyesha ilipo sasa hivi. Ila yeye aliiona kwa sababu aliisoma kwa Kiswahili, kwenye Linux yake, na Jumatatu akitaka atamletea sidii.

"Ni bei gani?"

"Bure," alisema Semeni. "Lakini siku ya kwanza itakuaibisha."

Bi Mwaisha alivua miwani.

"Nimeaibika peke yangu miaka yote hii, dada," alisema. "Lete."